Mche wa kahawa wa chupa: kiinitete kinavyotoka kwenye jani

Wakulima wa Mbozi, Ileje na Rungwe wanaandaa mashimo ya kahawa, na malalamiko kuhusu miche ya chupa, yaani iliyokuzwa maabara ndani ya chupa, yameongezeka mezani kwetu hapa Mbeya. Juzi mzee mmoja kutoka Mbozi alileta mche ulionyauka ndani ya kopo. Akaniuliza: "Mwanangu, nimeambiwa huu umetoka kwenye jani. Kitu kisicho na mbegu wala baba kitazaa nini?"

Swali ni la haki. Loweka buni yenye ganda siku mbili, limenye, kisha chana taratibu upande wa mgongo karibu na ncha. Utakuta kijiti cheupe cha milimita tatu hadi nne. Hicho ndicho kiinitete, na buni iliyobaki ni chakula chake. Maabara inapata kiinitete cha namna hiyo hiyo bila ua kuchavushwa. Mwaka 1958 wanasayansi Steward akiwa Marekani na Reinert nchini Ujerumani walionyesha jambo hili kwa seli za karoti.

Kwenye kahawa tunaanza na jani changa. Linasafishwa kwa klorini, linakatwa vipande vya kama sentimita moja na kuwekwa kwenye chakula chenye madini, vitamini, sukari na homoni, kilichochemshwa kwa mvuke wa nyuzi joto 121 ili kuua vimelea. Vipande vinakaa gizani. Kingo zilizokatwa zinavimba, na baada ya miezi kadhaa, mara nyingi zaidi ya sita, yanachomoza matonge ya njano yanayomomonyoka kama makombo ya ugali. Hayo ndiyo tunayoyatafuta. Tukiyahamishia kwenye chakula kisicho na ile homoni ya mwanzo, seli zinajipanga upya: kwanza punje ya duara, kisha umbo la moyo, kisha umbo refu kama karoti changa, mwisho majani mawili ya mbegu. Mzizi upande mmoja, chipukizi upande wa pili. Kwa kuwa kiinitete hiki hakina akiba ya chakula kama kile cha kwenye buni, sukari ya chupani ndiyo inayokilea.

Hakuna jeni lililopandikizwa hapo. Hii si GMO, yaani mmea uliobadilishwa jeni. Tumelisema hili kwenye mikutano ya vijiji na redioni, na bado watu wanang'oa miche mizuri kwa sababu ya maneno ya vijiweni. Baba yupo pia: mti mama, ule uliotoa jani, ni chotara mwenye wazazi wawili, na mche umechukua urithi wake wote. Ukipanda buni za chotara huyo, watoto wanatawanyika, na baadhi wanapoteza ukinzani dhidi ya chulebuni, ugonjwa unaoozesha matunda ya kahawa, na kutu ya majani.

Niseme pia lisilosemwa sana: matonge yakikaa muda mrefu mno kwenye homoni, baadhi ya miche hutoka na maumbile tofauti. Kwa hiyo muda huo tunauwekea kikomo, na miche yenye kasoro tunaitupa.

Sasa utaratibu. Katika Sheria ya Mbegu ya mwaka 2003, neno mbegu linabeba pia miche na vikonyo. Anayeizalisha kwa kuuza anatakiwa asajiliwe, na ukaguzi ni kazi ya TOSCI, taasisi ya serikali inayothibitisha ubora wa mbegu. Anayekiuka anaweza kutozwa faini, kufungwa, au vyote viwili, na miche yake kuzuiliwa. Kabla ya kulipa, omba kuona usajili wa kitalu. Dai risiti yenye jina la aina, idadi na tarehe. Tunza lebo hata baada ya kupanda. Ukiwa na shaka, mwone afisa ugani wa kata kabla ya kushusha miche shambani, si baada. Mlalamikaji asiye na risiti wala lebo hatuwezi kumsaidia kufuatilia chanzo, na wengi wanaofika kwetu hawana.

Mzee naye hakuwa navyo. Alinunua barabarani, akapanda siku hiyo hiyo juani. Jani lililokulia chupani lina nta nyembamba, na vitundu vyake vya hewa havijazoea kujifunga, hivyo maji yanatoka kuliko mzizi unavyoweza kuleta. Mche unatakiwa ukae wiki kadhaa chini ya plastiki yenye unyevu, ufunuliwe kidogo kidogo, kisha uhamie kwenye viriba chini ya kivuli hadi uwe na jozi sita hivi za majani.

Nilimpeleka kwenye hadubini. Aliinama muda mrefu juu ya viinitete vyenye umbo la moyo, akaniuliza ni lini vitaingia shambani. Nikamwambia vitakavyopona vitakuwa tayari kwa mvua za mwakani. Akaomba jina lake liandikwe kwenye orodha, miche hamsini.