Usubi upi? Kidonda cha Gilgil kilichofika Mwanga

Bongo ukitaja usubi watu wanawaza mto, wanawaza wale wadudu weusi wanaozaliana kwenye maji yaendayo kasi na kuleta upofu. Sasa kuna kadudu kengine kabisa, nako watu wanakaita usubi, kanakoambukiza leishimania ya ngozi, ugonjwa wa vidonda unaoletwa na vimelea, na kenyewe hakazaliani kwenye maji. Kanataga kwenye udongo wenye unyevu, nyufa za mawe, vichuguu, mashimo ya panya, mapangoni. Kana milimita 2 au 3 tu, hakana mlio, kakitua mabawa yanasimama juu kama V, halafu kanauma kuanzia jioni mpaka alfajiri na kanapenya matundu ya chandarua cha kawaida, ndo maana nakazania chenye dawa.

Kuna kaka mmoja wa hapa Mwanga, fundi ujenzi, alikuja na kidonda shavuni cha miezi minne, duara, kingo zimenyanyuka kama mdomo wa chungu. Alishamaliza dozi mbili za antibayotiki. "Dokta, hakiumi hata kidogo, ndo kinachonitisha." Nyumbani walishamtengea kikombe chake.

Nikaacha kidonda kwanza nikamuuliza, mwaka jana ulilala wapi? Akasema Gilgil, Kenya, kazi ya ujenzi ilipoisha wakawa wanachoma mkaa na mvua ikinyesha wanajibanza pangoni.

Basi hapo nikapata mwanga. Huu ugonjwa ramani yake ni ya mawe na wanyama kabla haijawa ya watu. Mlima Elgon na nyanda za juu za Ethiopia vimelea vinakaa kwa pimbi, wale wanaoishi majabalini, Baringo ni panya wa porini, Gilgil ni kadudu ka mapangoni. Na kadudu kenyewe hakaruki mbali, kwa hiyo unaweza kukuta kijiji kimoja kina wagonjwa na cha jirani hakuna hata mmoja. WHO wanakadiria wagonjwa wapya wa leishimania ya ngozi ni kati ya 600,000 na milioni 1 kila mwaka duniani, na dalili zinachelewa wiki au miezi, mtu anaugua mkoa mwingine kabisa na alikoumwa na mdudu.

Wenzangu wa maabara, tafadhali, msichukue usaha wa katikati. Kwangueni ukingoni, pale nyama bado hai, mpake kwenye slaidi mtie Giemsa, rangi ya kuonyesha vimelea kwenye darubini, ile ile ya malaria tuliyonayo kila siku. Kwake vimelea tuliviona, vidoa vya duara vimejaa ndani ya seli, kila kimoja na kidoa kingine pembeni kama kijiti. Tukampa rufaa akachomwe sindano kuzunguka kidonda.

Mkewe akaniuliza, "Na watoto je, dokta?" Nikamwambia dada, hakiambukizi kwa kugusana wala kwa kikombe, lazima yule mdudu awepo. Akanyamaza kidogo, akamgeukia mumewe, "Basi leo utakula na sisi."