Je, wajua kwa nini yungiyungi kubwa huchanua jeupe leo na kuwa la waridi kesho?

Mgeni anayeingia katika bustani ya mimea ya Pamplemousses, kaskazini mwa kisiwa cha Morisi, hachukui muda kabla ya kufika kwenye bwawa refu ambalo majani ya mviringo, yenye kingo zilizosimama kama za sinia, yameelea bega kwa bega, mengi yakiwa na upana unaozidi mita moja. Katikati ya majani hayo huonekana maua, baadhi meupe kabisa na mengine ya rangi ya waridi iliyokolea. Kwa nini yasiwe ya rangi moja?

Kwa muda mrefu nililijibu swali hilo kwa kipimo cha mpapai. Mtu aliyekulia penye mipapai anajua kwamba uko mpapai jike unaozaa, na uko mpapai dume ambao maua yake huning'inia kwenye vikonyo virefu bila kuleta tunda, na kwamba maua peke yake yanatosha kuutambulisha mmoja na mwingine. Kwa hiyo nilihitimisha kwamba bwawani mmepandwa mayungiyungi ya jinsia mbili, majike meupe na madume ya waridi, na sikuona haja ya kuuliza zaidi. Dhana hiyo ina makosa mawili na ukweli mmoja, na ukweli huo ndio unaoifanya iwe vigumu kuiacha.

Kosa la kwanza ni kudhani kwamba rangi mbili zinatoka kwenye mimea miwili, ilhali mmea mmoja huzitoa zote. Kosa la pili ni zito zaidi, nalo ni kudhani kwamba hayo ni maua mawili tofauti. Kila ua la waridi linaloonekana pale lilifunguka likiwa jeupe jioni ya siku iliyotangulia, na kila ua jeupe litakuwa la waridi kabla ya usiku unaofuata kuingia. Ukweli uliobaki ni ule wa jinsia: usiku wa kwanza ua hufanya kazi ya kike, kwa kuwa stigma zake, yaani sehemu za kike, ziko tayari kupokea chavua huku stameni, yaani sehemu za kiume zenye chavua, zikiwa bado hazijafunguka, na usiku wa pili hufanya kazi ya kiume, kwa kutoa chavua. Aliyesema kwamba jeupe ni jike na la waridi ni dume alikuwa sahihi kuhusu jinsia. Alichokosea ni kuwaona wawili mahali palipo na mmoja aliye katika siku mbili za maisha yake.

Bustani yenyewe ina historia ndefu iliyoanza katika karne ya 18, na watu wa pwani yetu wana sababu ya kuikumbuka, kwa kuwa Pierre Poivre, msimamizi Mfaransa wa kisiwa hicho enzi hizo, alifanikisha kuletwa kwa miche ya karafuu kisiwani humo mwaka 1770, na ni kutoka kisiwa hicho na vya jirani yake ndipo karafuu ilipofika Zanzibar mwanzoni mwa karne ya 19. Yungiyungi hili, hata hivyo, asili yake ni maji ya bonde la Amazoni, na huko ndiko maana ya mabadiliko ya rangi inakopatikana.

Jua linapozama siku ya kwanza, ua hufunguka na kuanza kuunguza wanga uliohifadhiwa ndani yake, hata sehemu zake za ndani zikawa na joto linaloizidi hewa ya nje kwa nyuzi kadhaa. Anayejua udi ataelewa haraka faida ya jambo hilo. Kipande cha udi kilicholala kabatini hakinukii nyumba nzima, lakini kikiwekwa juu ya kaa ndani ya chetezo, harufu ileile iliyokuwa imejificha huenea hadi kwa jirani. Ua hili ni udi na kaa kwa pamoja: linatengeneza manukato yanayofanana na ya nanasi, kisha linajipasha moto ili yaruke juu ya maji.

Wanaoitikia mwaliko huo ni mbawakawa, hasa wa jenasi ya Cyclocephala, ambao huingia hadi kwenye chumba cha ndani na kula vijisehemu vyenye wanga. Wale waliotoka kwenye ua jingine la waridi huja na chavua mwilini, nayo huachwa juu ya stigma. Kunapokucha, petali hujifunga na wageni hubaki ndani mchana kutwa, wakiwa na chakula na hifadhi, huku ua likigeuka rangi na harufu ikitoweka. Jioni ya pili stameni hufunguka, na mbawakawa wanapotoka hupita katikati yake na kupakwa chavua mpya, kisha huruka kutafuta ua jingine jeupe lenye harufu.

Kwa mpangilio huo ua halijichavushi lenyewe, kwa kuwa wakati wake wa kupokea umekwisha kabla ya wakati wake wa kutoa kufika. Lakini tusiipe rangi ya waridi sifa zaidi ya inayostahili. Ni rahisi kusema kwamba rangi hiyo inawaambia mbawakawa wasirudi, ila harufu nayo hupotea katika saa zilezile, na wadudu hawa wa gizani huongozwa sana na harufu, kwa hiyo si rahisi kuyatenganisha mambo hayo mawili. Hata suala la joto lina maelezo zaidi ya moja, maana wapo wataalamu wanaoliona pia kama zawadi, kwa sababu mbawakawa aliye mahali penye joto hupunguza nguvu anazotumia kuupasha mwili wake.

Jambo lisilo na shaka ni kwamba mbawakawa hawaliletei ua rangi hiyo. Katika mabanda ya vioo ya Uingereza, ambako yungiyungi hili lilichanua kwa mara ya kwanza katika makazi ya kifahari ya Chatsworth mwezi wa Novemba 1849, wadudu wa Amazoni hawapo, na bado ua hufunguka jeupe, hujifunga, na kuwa la waridi kwa saa yake.

Kwa anayetaka kuyashuhudia haya, ziara moja haitoshi. Inafaa achague ua moja jeupe, akumbuke liko kando ya jani lipi, kisha arudi kesho yake alasiri alitazame palepale. Siku ya tatu hatalikuta, kwa kuwa litakuwa limejifunga na kuzama, na kama lilipata chavua, mbegu zake zitakuwa zinakomaa chini ya maji.