Kilimanjaro haikuwa zawadi ya siku ya kuzaliwa

Hadithi hii inasimuliwa hadi leo: Malkia Victoria wa Uingereza alimpa mjukuu wake, Kaisari Wilhelm II wa Ujerumani, mlima Kilimanjaro siku ya kuzaliwa, ndiyo maana mpaka wa Kenya na Tanzania umepinda pale. Ni tamu, lakini tarehe zinaikataa. Waingereza na Wajerumani walikubaliana mstari wa mpaka mwaka 1886. Wilhelm II alitawazwa 1888. Mwaka 1886 Kaisari alikuwa bado babu yake.

Kilichopinda mpaka ni karatasi. Mwaka 1885 Mjerumani Karl Jühlke alipata mkataba na Mangi (mtawala wa Wachaga) Rindi wa Moshi. Mwingereza Harry Johnston alikuwa na mkataba wake upande wa Taveta. Hivyo mstari ulianzia mdomo wa mto Umba, ukaenda ziwa Jipe, ukapita kati ya Taveta na Uchaga, ukazunguka miguu ya kaskazini ya mlima, kisha ukanyooka hadi Ziwa Victoria, nyuzi 1 kusini mwa ikweta. Mombasa ikabaki upande wa Waingereza.

Agosti 1914 Wajerumani waliuvuka mpaka huo wakaiteka Taveta. Mwaka 1964, mjini Cairo, nchi huru za Afrika ziliazimia kuiheshimu mipaka zilizoirithi, huu ukiwemo.