Sumukuvu haiishi kwa kupika: kinga yake iko uwanjani na ghalani

Katikati ya mwaka 2016, vituo vya afya vya Dodoma na Manyara vilianza kupokea wagonjwa, wengi wao watoto, wakiwa na macho ya manjano, tumbo kujaa, maumivu na kutapika. Mwanzoni ugonjwa wenyewe haukujulikana. Uchunguzi ulipofika majumbani, jibu likakutwa kwenye magunia ya mahindi. Wagonjwa walikuwa 68, na 20 kati yao walifariki. Wenzetu wa Kenya walikuwa wamepata msiba mkubwa zaidi mwaka 2004, huko Makueni, Kitui na wilaya za jirani: wagonjwa 317, vifo 125. Kote huko chanzo kilikuwa sumukuvu.

Sumu hii hutengenezwa na kuvu wa ukungu, hasa yule aitwaye Aspergillus flavus, ambaye yumo kwenye udongo wa mashamba yetu na hustawi penye joto na unyevu. Mahindi na karanga ndiyo mazao anayoyashambulia zaidi. Akina mama huniuliza mara nyingi: si tunausonga ugali mpaka unaiva kabisa? Ndiyo, na moto unaweza kumuua kuvu, lakini sumu aliyokwisha kuiacha ndani ya punje haina uhai wa kuuawa. Inastahimili joto kali kuliko la maji yanayochemka. Kukaanga karanga huipunguza kiasi, hakuimalizi. Mahindi yaliyooza yakipikwa pombe, sumu inabaki humo. Yakilishwa ng'ombe, sehemu yake hutoka kwenye maziwa.

Kwa hiyo kazi kubwa ni ya kabla ya jikoni, na kwanza kabisa ni kukausha. Anika juu ya turubai au chanja, usianike chini kwenye udongo, na funika mapema wingu likitanda. Mahindi ya kuhifadhi yasizidi unyevu wa asilimia 13.5. Kipimo cha mashine wengi hawana, ila ipo njia ya chumvi ambayo kila nyumba inaiweza. Chukua chupa ya kioo iliyo kavu kabisa, yenye kifuniko. Tia chumvi iliyokaushwa vizuri hadi robo ya chupa, ongeza mahindi mpaka nusu, funga, tikisa kwa dakika moja hivi, kisha iache itulie robo saa. Chumvi ikigandia kwenye kuta za chupa, mahindi bado mabichi, yarudishe juani. Ikidondoka yote chini, unyevu umeshuka chini ya asilimia 15. Hapo umekaribia, lakini ongeza jua kidogo kabla ya kufunga gunia.

Kwenye karanga kuna desturi moja ambayo naomba tuiache mara moja: kuzilowesha maji ili maganda yabanduke kwa urahisi. Najua kubangua kwa mkono kunaumiza vidole, lakini maji hayo ndiyo kuvu anayoyasubiri.

Mifuko ya kuhifadhia nafaka isiyopitisha hewa, kama ile iitwayo PICS, ni mizuri kwa sababu wadudu hukosa hewa na kufa, na punje zisizotobolewa hushambuliwa kwa shida. Ila usitie humo mahindi yenye unyevu, mfuko haukaushi. Magunia ya kawaida yakae juu ya vichanja vya mbao, mbali na ukuta na mahali paa linapovuja.

Kabla ya kusaga, chambua. Sumu haienei sawasawa. Mara nyingi punje chache tu ndizo zinazobeba sehemu kubwa yake. Mwaga kwenye ungo, ondoa zilizoota ukungu wa kijani au njano, zilizovunjika, zilizosinyaa, zilizotobolewa na zilizobadilika rangi. Usiwape kuku. Zifukie. Ukikoboa, sumu nyingine huondoka na pumba, na ndiyo maana dona huhitaji uchambuzi makini kuliko sembe. Simkatazi mtu dona, lina virutubisho zaidi, lakini litoke kwenye mahindi yaliyochambuliwa.

Ninachokihofia zaidi ni uji wa lishe wa watoto. Tumezoea kuchanganya mahindi, karanga, soya na nafaka nyingine, tukiamini kadiri vitu vinavyokuwa vingi ndivyo mtoto anavyonenepa. Mtoto ana mwili mdogo na hunywa uji huo kila siku, kwa hiyo hata sumu kidogo humlimbikia, na tafiti zimeihusisha na kudumaa. Kwake chagua punje moja moja, saga kidogo kidogo, na ulezi uwe msingi wa unga wake, maana kwa kawaida huathirika kidogo kuliko mahindi. Unga usionukia vizuri au wenye ladha chungu, usimpe.

Sumukuvu ikila mwili taratibu kwa miaka huleta saratani ya ini, na hatari hupanda sana kwa mwenye homa ya ini aina ya B. Chanjo yake imo kwenye zile anazopewa mtoto akiwa na wiki 6, 10 na 14, usiziruke. Na mtu wa nyumbani akipata manjano ya macho, tumbo kujaa au miguu kuvimba, hasa wakiugua zaidi ya mmoja, acheni mara moja kula unga huo, nendeni hospitali siku hiyo hiyo, na mbebe kidogo cha unga na mahindi yenyewe ili vipimwe.