Kijana wako aliyeko Marekani hajapotoshwa na profesa

Mzazi anayenipigia simu kutoka Iringa, Nakuru au Bukavu, na hata yule anayeishi hapahapa Minneapolis, kwa kawaida anataka kujua jambo moja: nani amemharibia mtoto imani? Anatafuta jina. Profesa fulani, rafiki wa bwenini, video za mtandaoni. Mimi ni mchungaji wa wanafunzi katika chuo kikuu kimoja hapa Minnesota, na sehemu kubwa ya kazi yangu ni kukaa na vijana Wakristo ambao imani yao imeanza kuyumba. Naandika haya kwa sababu jina linalotafutwa mara nyingi halipo. Vijana hawa waliyapokea mafundisho ya Shule ya Jumapili kwa moyo wote: mpende jirani yako, usiseme uongo, mtetee yatima. Walipokua wakaliweka kanisa lenyewe kwenye mizani hiyohiyo, nalo likaonekana limepunguka.

Kwanza tujue ukubwa wa jambo. Mwaka 2007 kituo cha utafiti cha Pew kilikuta watu wazima 78 kati ya 100 nchini Marekani wanajiita Wakristo. Katika utafiti wao wa 2023 na 2024 walikuwa 62, na miongoni mwa vijana wa miaka 18 hadi 24 ni 46 tu. Gallup, shirika la kura za maoni ambalo limekuwa likiuliza habari za uanachama wa nyumba za ibada tangu 1937, lilipata asilimia 47 mwaka 2020. Mwaka 1999 ilikuwa asilimia 70. Pew wanaongeza kwamba tangu 2019 hivi kushuka huko kumetulia, na hilo nalo lisemwe, maana hofu imezidi.

Sayansi ina sehemu yake, ila ni ndogo kuliko wazazi wanavyodhani. Kijana aliyelelewa kuamini kwamba dunia ina miaka kama 6,000, akapelekwa na kanisa lake kuiona ile safina kubwa ya mbao, mfano wa safina ya Nuhu, iliyofunguliwa Williamstown, Kentucky, mwaka 2016, hutikisika akiingia darasa la biolojia. Huyo namweleza habari za Francis Collins, aliyeongoza mradi wa kusoma jenomu ya binadamu, yaani taarifa zote za urithi wa mwili wake, naye ni Mkristo anayekiri imani yake hadharani. Mara nyingi mazungumzo mawili matatu yanatosha.

Yanayochukua miezi ni maswali ya haki.

George Floyd, Mmarekani mweusi, aliuawa na polisi hapa Minneapolis Jumatatu, tarehe 25 Mei 2020. Jumapili iliyofuata ilikuwa Pentekoste. Makanisa mengi yalikuwa yamefungwa kwa sababu ya korona, wachungaji wakihubiri kwa video, na maduka ya Lake Street yalikuwa yameungua siku chache tu kabla. Wanafunzi niliozungumza nao, ambao wakati ule walikuwa bado sekondari, wanaikumbuka ibada hiyo vizuri mno. Wapo ambao mchungaji wao alilia, akamtaja marehemu kwa jina, akaweka kando mahubiri aliyoyaandaa. Wengine walihubiriwa Matendo ya Mitume sura ya pili kuanzia mwanzo hadi mwisho, upepo, ndimi za moto, watu wa kila taifa, na jirani aliyeuawa mwendo mfupi kutoka hapo hakutajwa hata kwenye maombi. Kijana mmoja aliniambia alikaa mbele ya kompyuta hadi baraka ya mwisho, akisubiri: atatajwa sasa, atatajwa sasa. Kwa siku ile bado alimwamini Mungu; waliomhubiria ndio aliowatilia shaka. Miaka michache baadaye, alipokuja ofisini kwangu, shaka ilikuwa imepanda hadi kwa Mungu mwenyewe.

Na hawa ni watoto wanaosoma. Wanajua kwamba Muungano wa Wabaptisti wa Kusini, dhehebu kubwa kuliko yote ya Kiprotestanti nchini Marekani, ulianzishwa 1845 huko Augusta, Georgia, kutokana na ugomvi juu ya wamishonari wenye watumwa, na kwamba uliomba radhi rasmi mwaka 1995. Wanajua kwamba mwaka 2019 magazeti mawili ya Texas yalifichua zaidi ya waathirika 700 wa unyanyasaji wa kingono katika makanisa ya muungano huohuo kwa muda wa miaka 20, na kwamba upande wa Kanisa Katoliki ripoti ya Pennsylvania ya 2018 ilitaja mapadri zaidi ya 300. Waliona pia uchaguzi wa 2016, ambapo karibu Wakristo weupe wa kiinjili wanane kati ya kumi walimpigia kura Donald Trump. Ninao wanafunzi waliolifurahia chaguo hilo, nao ni waumini wa kweli. Anayeumia ni yule aliyefundishwa nyumbani kwamba tabia ya kiongozi ndiyo kwanza, kisha akaona kigezo kinabadilishwa mezani bila mtu kumweleza sababu.

Kuhusu ndoa za jinsia moja, ambazo mahakama kuu iliziruhusu nchi nzima Juni 2015, msidhani vijana wote wako upande mmoja. Kanisa la Muungano la Methodisti lilipoteza takriban robo ya sharika zake za Marekani kati ya 2019 na 2023 kwa mgogoro huo, na mwaka 2024 mkutano wake mkuu huko Charlotte ukaondoa katazo la kuwabariki mashoga kuwa wachungaji. Nimekaa na msichana aliyeliacha kanisa lake kwa sababu dada yake alifukuzwa kwaya. Nimekaa pia na mvulana aliyehamia kwa Waorthodoksi kwa sababu, kwa maneno yake, kanisa la kwao lilikuwa linabadilika kila mwaka. Wote wawili walikata shauri peke yao. Hakuna mzee, mzazi wala mchungaji aliyewahi kukaa nao wakalizungumza.

Upweke huo ndio unaonitisha kuliko shaka. Watafiti wa Fuller Youth Institute kule California waliwafuatilia vijana waliotoka vikundi vya kanisa sekondari na kuingia vyuoni, wakaona kwamba shaka iliyosemwa na kupokelewa inaweza hata kukomaza imani. Inayodhuru ni ile iliyofichwa. Hapo wazazi hunijibu kwa Yakobo, kwamba mwenye shaka ni kama wimbi la bahari. Naomba wausome na mstari unaotangulia. Yakobo anazungumza na mtu aliyepungukiwa na hekima, anamwambia aombe kwa Mungu, awapaye wote kwa ukarimu wala hakemei. Habakuki alilia, “Ee BWANA, nilie hata lini, wewe usitake kusikia?” na kilio chake kikawekwa ndani ya Biblia. Zaburi ya 88 inaishia gizani, haina hata mstari mmoja wa faraja mwishoni. Na Yuda anaagiza waziwazi: wahurumieni walio na shaka.

Ndiyo maana nilifuatilia kwa makini yaliyotokea Asbury, chuo kidogo katika mji wa Wilmore, Kentucky. Tarehe 8 Februari 2023 ibada ya kawaida ya Jumatano ilikwisha, wanafunzi wachache wakabaki kuomba na kuimba. Wenzao wakarudi. Ibada ikaendelea usiku na mchana kwa zaidi ya wiki mbili, watu kwa makumi ya maelfu wakimiminika kwenye mji wenye wakazi kama 6,000. Wahubiri na waimbaji maarufu hawakupewa jukwaa, na siku za mwisho vijana walipewa nafasi ya kwanza. Wengi wao walisimama wakatubu na kusema mambo waliyoyaficha kwa miaka, huzuni, uraibu, hasira dhidi ya wazazi, mbele ya watu waliowasikiliza. Mimi naamini Mungu alikuwepo, na naamini pia kwamba kusikilizwa huko kulikuwa sehemu ya kazi yake.

Sasa niseme na nyumba zetu. Katika sharika za Kiswahili hapa Marekani, za Wakongo, Wakenya, Watanzania na Warundi, mtoto ana mzigo wa ziada. Mama yake alivuka ziwa akiwa na mimba, akakaa miaka mingi kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, na kila Jumapili anasimama kushuhudia kwamba ni Yesu aliyewatoa. Binti yake anayesoma uuguzi hapa chuoni anaujua ushuhuda huo kwa moyo. Atawezaje kusema “Mama, siku hizi nikiomba sisikii kitu”? Kwake ni kama kumwambia mama kwamba yaliyowatoa kambini hayakutokea. Basi anakuja ibadani, anaimba pambio, anapiga makofi, anarudi bwenini akiwa na siri. Kiswahili chake ni cha jikoni na salamu; maswali yake yote yako kwa Kiingereza, lugha ambayo mchungaji wake anaitumia kwa shida. Baadhi ya sharika zimeanza kuwapa vijana saa yao baada ya ibada, wakiwa na mlezi anayezijua lugha zote mbili, na pale ninapoalikwa naona maswali yakitoka yenyewe, hata kwa wale waliokuwa kimya miaka mingi.

Kwa hiyo mama, baba, ukipigiwa simu usiku na kuambiwa “siendi tena kanisani”, usimtishie ada, wala usimpe mchungaji simu saa ileile. Muulize ni lini ilianza. Karibu kila mara kuna siku, kuna ibada, kuna mtu aliyemuumiza au kulikuwa na ukimya kama ule wa Pentekoste ya 2020, na huenda hajawahi kumsimulia mtu yeyote. Akimaliza kusimulia, kama kanisa lilikosea, mwambie lilikosea. Kisha mwambie chakula cha Krismasi kipo na nafasi yake ipo, na sala ya kabla ya kula itasaliwa kama kawaida, aitikie amina au asiitikie.