Anza na kadi zako 8 nzuri

Mchezaji wa gofu anayemaliza raundi kwa mikwaju 95 anapokuja kwangu mara ya kwanza, ugonjwa wake ameshautaja kabla hajavaa glovu: "Mwalimu, mpira wangu wa kwanza hauendi mbali." Namwambia aniletee kadi zake za matokeo.

Si kadi zote. Tangu mfumo wa dunia wa handikapu, yaani namba inayopima kiwango chako, uanze mwaka 2020, hesabu inachukua wastani wa matokeo 8 bora kati ya raundi zako 20 za mwisho. Zile 12 za aibu haziingii, hivyo usizililie. Maana yake pia, ukipiga 95 kila wiki bila kubadilika, handikapu inakaa palepale. Kinachotakiwa ni zile 8 nzuri ziwe nzuri zaidi, na humo ndimo watu hawapekui kwa sababu wanaziona hazina doa.

Zina doa. Tuseme ulipata 95 uwanja ambao kipimo chake (mikwaju inayotarajiwa kwa mchezaji hodari) ni 71.2 na slopu (ugumu wake kwa mchezaji wa kawaida) ni 125. Toa 71.2, zidisha 113, ambayo ni slopu ya uwanja wa wastani, gawa 125: unapata 21.5, na hilo ndilo tokeo linaloingia kwenye hesabu. Ingekuwa 91, ungepata 17.9. Mikwaju minne hiyo mara nyingi imelala kwenye mashimo mawili tu.

Mwanafunzi wangu mmoja, shimo la pa 4, yaani la kumalizwa kwa mikwaju minne, mpira wake uliingia mitini. Mbele yake kulikuwa na upenyo wa upana wa mlango, na grini, sehemu laini yenye kishimo, inaonekana kabisa. Akachukua fimbo ya chuma namba 5. Mpira ukagonga shina, ukarudi nyuma ya visigino vyake. Akarudia upenyo uleule. Akamaliza na 8. Nilipomuuliza aliwaza nini, akasema aliona mwanga.

Kwenye shimo hilo handikapu yake inampa mkwaju mmoja wa ziada, kwa hiyo mfumo unamwandikia 7 badala ya 8: pa, jumlisha 2, jumlisha mkwaju wake. Huo ndio msamaha wote. Jioni nikauweka mpira palepale, nikampa weji, fimbo ya mipira mifupi, autoe pembeni hadi kwenye nyasi fupi. Wa tatu ukapanda grini, akasukuma mara mbili: 5. Hakupiga mkwaju hata mmoja wa kushangiliwa.

Wizi mwingine wa mikwaju uko kwenye grini. Kusukuma mara tatu huwa kunasababishwa na mpira wa kwanza kuachwa mbali na shimo. Wachezaji wa kulipwa wa PGA Tour, mashindano makubwa ya Marekani, wenyewe, kutoka futi 8, huingiza takriban nusu tu. Wewe ukijiachia futi 8 unategemea nini? Simama hatua 12 kutoka shimoni, sukuma mipira 10, na usijali kuingiza. Hesabu iliyosimama ndani ya urefu wa fimbo moja. Ikifika 8, rudi hatua tatu nyuma.

Swingi, yaani namna unavyozungusha fimbo? Kagua mshiko na miguu inaelekea wapi, basi. Kuibomoa swingi katikati ya msimu kwa sababu ya video uliyoona jana usiku ni kujitafutia balaa.

Yule bwana sasa huzungushia duara kila 7 kwenye kadi zake 8, na pembeni anaandika neno moja: miti, maji, mchanga, grini. "Miti" imeanza kuadimika. Ila kila tukipita shimo lile, bado anauchungulia ule upenyo.