Weusi ule si rangi

Watu wakiingia kwenye kibanda changu cha ufinyanzi hapa Nyegezi, Mwanza, swali huwa lilelile: "Mama, hiki chungu cheusi umekipaka nini?" Sijakipaka kitu. Ni udongo na moto tu, na aliyenifanya niuheshimu weusi huo ni mfinyanzi Magdalene Odundo.

Odundo alizaliwa Nairobi mwaka 1950. Mwaka 1971 alikwenda Cambridge, Uingereza, kusomea michoro ya biashara. Udongo ulimnogea hukohuko, akafunga safari hadi Nigeria, kwenye kituo cha ufinyanzi cha Abuja, mji ambao leo unaitwa Suleja. Hapo akawakuta akina mama wa Kigwari, akiwemo Ladi Kwali, ambaye picha yake iko kwenye noti ya naira 20. Mtungi waliujenga kwa mkono, wakiuzunguka wenyewe huku wameinama. Kila nikilifikiria hili naguswa: alivuka bahari kutafuta elimu, na kazi iliyompa jina akaipata kwa wanawake wa Afrika waliofinyanga mitungi ya maji. Baadaye alimaliza Royal College of Art, chuo cha sanaa cha London, mwaka 1982, na mwaka 2020 Uingereza ikampa heshima ya Dame, cheo cha juu wanachopewa wanawake.

Hatumii gurudumu, wala hapaki utando wa kioo kama ule wa vikombe vya dukani. Hupandisha udongo kwa mkono, hupaka uji mwembamba wa udongo, kisha husugua mpaka ung'ae. Moto wa kwanza hupata hewa ya kutosha, hivyo chuma kilichomo kwenye udongo hushika oksijeni na chungu kikawa chekundu. Akikitaka cheusi, hukirudisha motoni, safari hii moto ukinyimwa hewa. Moto ukikosa hewa huinyang'anya oksijeni ile kutoka kwenye chuma, na moshi huingia kwenye vitundu vya udongo.

Mimi natumia pipa la chuma na pumba za mpunga kutoka mashine ya kukoboa. Nakifukia chungu kilichokwisha kuchomwa, nawasha, moto ukikolea nafunika bati na kuziba kingo kwa udongo mbichi. Halafu nalizunguka pipa nikitafuta uzi wa moshi, maana moshi unapotokea ndipo hewa inapoingilia. Usiku mmoja ufa mdogo ulinipita. Asubuhi mtungi ulikuwa mweusi tii, isipokuwa ubavuni, palipobaki doa jekundu la ukubwa wa kiganja. Nililia. Ulikuwa na mteja, na nilikuwa nimeusugua kwa kokoto ya ziwani siku tatu.

Nilikuwa nimeshashika nyundo nilipokumbuka kwamba baadhi ya kazi za Odundo zina wekundu na weusi vinavyoingiliana kwenye bega moja la chungu, na ndizo ninazozipenda kuliko zote. Mteja nilimfinyangia mwingine. Ule wenye doa uko dirishani kwangu, na jioni jua likizama ziwani linaligusa doa lile kwanza.